Kuvuna Mwani kwa Betri, Nyuma ya Jiko la Shule

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa upawa. Nilikuwa kidato cha pili, nimejiunga na klabu ya sayansi kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu: klabu ile haikuwa na mdahalo. Mimi nina aibu. Nikiulizwa jina langu mbele ya watu, natamani mwingine anijibie. Sasa nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo nimestaafu, na ninawaandikia ninyi mliobaki na tanki mjue kazi ilifanywaje wakati wetu.

Tanki mnalijua, lile lililokatwa juu likabaki wazi. Maji yake siku ile yalikuwa ya kijani kama mlenda.

"Huo ni mwani," alisema Madam wa Kemia, mkuu wetu wa kazi. "Si ule wa baharini wa kushika mkononi. Huu ni mdogo mno, kila punje ni kiumbe kizima kinachoishi kwa jua."

Tuliuvuna ili kulisha mtambo wa biogesi, yaani lile pipa lililozibwa lisiingize hewa, ambamo mwani na samadi huoza na kutoa gesi ya kupikia. Shida ilikuwa kuuvuna. Ukiuchuja kwa kitambaa, unapita. Ukisubiri utuame, hautuami. Madam alitueleza kwamba kila punje ina chaji hasi, na chaji hasi hufukuzana.

"Kila mmoja anamkwepa mwenzake," alisema, akaniwekea mkono begani. "Kama wewe bwenini."

Wote walicheka. Nami nilicheka, maana mkono ule ulikuwa wa upole.

Dawa yake ni umeme. Tulichota maji yale kwenye beseni la plastiki, tukatumbukiza mabamba mawili ya alumini yaliyokatwa kutoka sufuria ya Mama Mpishi iliyotoboka, tukayaunga kwa waya na betri ya sola. Ukiwasha, bamba moja huliwa polepole na kuachia alumini majini. Hiyo ndiyo inayoupatanisha mwani, ukashikana mabonge. Bamba la pili hutoa viputo vidogo kama vya soda, na viputo hivyo huyabeba mabonge hadi juu. Povu la kijani likishaelea, chini yake maji yanabaki meupe kabisa. Mwenye upawa huengua povu. Niliengua mwaka mzima, na sikuhitajika kusema neno.

Kidato cha tatu nilipandishwa cheo kutoka upawa hadi swichi. Madam alinipa agizo moja tu: "Povu likiwa la kijani, endelea. Likianza kuwa jeupe, zima. Hapo unavuna sufuria, huvuni mwani."

Kisha ukaja mwezi wa saba, na mnajua baridi yetu ya Ufipa na upepo wake. Maji yalipauka. Mwenyekiti wa klabu, kijana wa Laela mwenye maneno mengi, alinikataza kuzima. "Acha iwake, dada. Utatoka tu huo mwani!" Likatoka povu jeupe. Madam alichomoa waya bila kugomba, akalimwaga. Lakini kibaya zaidi, pipa nalo lilikuwa limenyamaza. Ukifungua bomba la gesi, hakuna kitu.

Makamu Mkuu wa Shule alikuja mwenyewe.

"Madam, wanafunzi wanagombania maji ya kufulia, nawe umefuga ukungu. Shule ikifungwa bila Mama Mpishi kuuona moto wa hiyo gesi, nalisafisha tanki."

Mama Mpishi alikuwa mlangoni, macho mekundu kwa moshi. Uji wa wanafunzi wagonjwa aliupika peke yake pembeni, kwa kuni mbichi. "Kwetu Kirando maji yakiwa rangi hii tunahama pa kuogea," alisema. "Ila yakinipa moto usio na moshi, nitayaamkia kila siku."

Nami nitasema ukweli wangu. Uji niliuwaza, ndiyo, lakini niliogopa zaidi kwa ajili yangu. Pale shuleni hapakuwa na mahali pengine ambapo mtu alinisubiri.

Kwenye kikao cha klabu Madam alisema pipa limepoa, na vijidudu vinavyoozesha vinataka joto. Nikakumbuka nyumbani Mpui. Mama hulima intumba, yale matuta ya duara ambayo majani hufukiwa chini ya udongo yaoze humo. Na nilijua rundo la samadi mbichi na majani, ukitia mkono ndani, lina joto. Nikasema, kwa kunong'ona.

"Sauti!" Mwenyekiti aliita.

"Tulifanyie intumba."

"Pipa? Yaani tulizike?"

"Tulifunike blanketi," nikajibu. Walicheka, ila safari hii nilikuwa nimewachekesha mimi.

Madam si wa huku. "Nionyeshe," alisema, akavua viatu. Tulilizungushia samadi na majani, kisha udongo, tukaacha bomba na mdomo wa kulishia nje. Naye akaona mwani tuuhamishie kwenye mabeseni mapana ya kina kifupi, ukutani panapopiga jua. Kijani kikarudi kidogo kidogo. Nikawasha, nikazima kwa wakati, tukalisha pipa.

Wiki ya kufunga shule, Mama Mpishi aliwasha kiberiti mbele ya Makamu. Cha kwanza kilizimika. Cha pili kikashika, moto wa bluu, mdogo.

"Shikamoo," Mama Mpishi aliuambia moto, akabandika sufuria ya wagonjwa.

Makamu aliinama. "Hauna moshi."

"Hauna, Makamu."

Alibaki ameinama mpaka uji ukachemka. "Wanafunzi watafulia maji ya bombani," alisema. "Tanki libaki."

Sitawadanganya, ugali wa shule bado unapikwa kwa kuni, na kukiwa na mawingu betri inachoka. Moto ule unatosha uji wa wagonjwa tu. Lakini nimeona mtoto mwenye homa akiunywa wa moto, na Mama Mpishi akiwa hafuti macho. Sugueni mabamba. Na akija mwenye aibu, mpeni upawa, msimuulize jina mbele za watu.

Juzi, hapa nyumbani Mpui, nilimkuta Baba na brashi kwenye hori la maji ya ng'ombe. Maji yalikuwa yamegeuka kijani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ona uchafu huu, mwanangu."

"Baba, yaache kwanza."

Alinigeukia. Nyumbani huwa siongei kwa sauti ile.

"Yana nini?"

Nikamweleza: chaji, mabamba, viputo, yote, mpaka ng'ombe wakafika kunywa na mimi bado naongea. Baba akaweka brashi chini, akaenda kuwatafutia ng'ombe ndoo ya kunywea.