Msema Kweli wa Tabora Ajitaja Jina

Miaka ile ya Ujamaa, Twalibu wa Tabora alikuwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Champaklal, bingwa wa "njoo kesho". Ukimpa kitambaa mwezi wa Rajabu ili uvae Idi, pilau ya Idi utaila na nguo yako kuukuu. Wa pili alikuwa Msema Kweli. Kila wiki redio ilisoma maoni ya wasikilizaji, na ya Msema Kweli wa Tabora yaliwafanya watu waache kutafuna. "Ndugu wananchi, nchi changa haijengwi na mtu anayeahidi asitimize!" Hakuna aliyejua ni nani.

Aliyemsifu Msema Kweli kuliko wote ni Mzee Nassibu, balozi wa nyumba kumi, baba yake Maua. Na Maua ndiye aliyemkosesha Twalibu usingizi. Alipopeleka posa, mzee alimcheka waziwazi.

"Nikuoze wewe? Kanzu yangu tu imekushinda tangu Idi ya mwaka juzi! Angekuwa Msema Kweli, ningemwoza hata leo."

Twalibu aliondoka akitabasamu peke yake. Siku hiyohiyo akaiandikia redio, safari hii kwa jina lake kamili.

Wiki ya kusomwa barua yake, aliketi mbele kabisa ya wasikilizaji pale barazani, amevaa kanzu mpya, kwa kuwa mtu hatambuliwi na taifa zima akiwa na fulana. Champaklal akaongeza sauti ya redio. Mtangazaji akaisoma, ikiwachambua wanaochelewesha kazi za watu, kisha akamalizia: "Msema Kweli leo anajitaja. Ni Ndugu Twalibu Kurban, fundi cherehani, Tabora."

Twalibu akangoja kupongezwa.

"Suruali yangu iko wapi?" akauliza Luhende wa reli.

"Na gauni langu la harusi?" Swaumu akadakia. "Mtoto sasa anatembea!"

Mzee Nassibu aliikodolea macho ile kanzu. Champaklal naye akavaa miwani, akaishika pindo.

"Mzee, poplini hii nilikukatia mimi. Kipande cha mwisho."

Kumbe kanzu ya mzee ilikwisha kushonwa zamani. Twalibu akaivua palepale, akamnyooshea mzee, akabaki na fulana na msuli, aibu imemjaa mpaka masikioni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yale ya redioni aliyaamini kwa moyo wake wote.

Mzee aliikataa. "Kaifue. Na za wenzangu zitangulie."

Basi cherehani ikalia kutwa. Luhende akapata suruali, Swaumu akapata gauni, akaongezewa na la mtoto. Msema Kweli hakuandika tena, maana hakuwa na nafasi. Nguo ya mwisho ilipotoka, Twalibu akaenda kubisha kwa mzee.

"Nani?"

Ulimi ulitaka kusema Msema Kweli. "Twalibu, fundi. Shikamoo, mzee. Nimeleta kanzu."

"Marahaba."

Mzee akaikagua mshono kwa mshono, akaivaa, akajitazama.

"Na ile posa, mzee?"

"Njoo kesho."

Ndani, Maua akaangua kicheko. Kesho yake Twalibu alifika mzee hajapiga hata mswaki.