Mkoba wa Fundi Cherehani

Nilimwona siku moja ya joto kali, ufuo ukiwa mtupu, nami nikikodisha viti. Alikuwa fundi cherehani, amekaa na mkoba mapajani, anayatazama maji tu.

“Dada, huogi?” nilimwuliza, nikiangalia mchanga.

“Nani atanishikia mkoba, shemeji? Kila mwaka nakuja peke yangu, narudi mkavu kama kuni.”

“Shemeji kwa nani?”

“Nitajuaje? Sina mume wala dada. Shika!”

Akaingia baharini na gauni lake, akigeuka kila mara kuona kama nipo. Jua lilipopoa alitoka, akakamua upindo wa gauni, akapokea mkoba. Tangu siku ile sijamwona tena. Aliniaga hivi:

“Ahsante, shemeji. Leo hata ningezama, kuna mtu angepiga kelele.”