Siku Blanketi Liliponivua Kitenge

Mpaka leo kuna wanawake wa hapa Mugoma wakikutana nami njiani wananitazama kiunoni kwanza, ndipo wananisalimia, na siwalaumu, maana walichokiona siku ile hata mimi ningekiona kwa mwenzangu ningecheka mpaka nikae chini. Aibu ilinikuta mbele ya padre, mbele ya wenzangu wa parokia na mbele ya foleni nzima ya wakimbizi, na nawasimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa kwa chumvi.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipojaa kwetu, tulikuwa tumechoka jamani. Vilima vimebaki kipara, kuni unazifuata mbali mpaka ukirudi huna hamu hata ya kuziwasha, kisimani foleni, mbuzi wanapotea (na mimi nilikuwa mnung'unikaji namba moja, msinione hivi). Lakini mvua zilipoanza, na baridi yetu ya Ngara mnaijua, tukasikia watoto wachanga kule kambini wanafunikwa nguo mbichi, basi padre akatuomba wanawake tushone mablanketi ya viraka: juu vipande vya vitenge vilivyochakaa, katikati sweta kuukuu, chini kiroba cha unga. Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Leokadia, mtu mzima ambaye hata padre humwamkia shikamoo, naye akaweka sheria kwamba blanketi la mtoto halitolewi kama ukingo haujashonwa. "Mzazi asije akasema tumemletea matambara," alisema.

Langu likachelewa. Nilime, nipike, nimuuguze mume mwenye malaria, nishone huku nasinzia! Asubuhi ya kwenda kambini upande mmoja ulikuwa bado, na hapo ningesema tu, "Mama, langu bado," yakaisha. Ila blanketi langu lilikuwa la mzazi mmoja aitwaye Spesioza, aliyejifungulia chini ya turubai linalovuja, na nisingelipeleka siku ile mtoto angelala na baridi mpaka lori la parokia lipate mafuta tena, na hayo yalikuwa hayajulikani ni lini. Nikajiambia nitamalizia kule kule padre akihubiri (padre wetu hakuwa mtu wa haraka). Uzi nao ukawa umeniishia, nikafumua ule wa gunia, wa nailoni, mkaidi ajabu.

Basi nikakaa kwenye benchi, blanketi mapajani, nikashona. Mahubiri yakarefuka, mvua inagonga turubai polepole, macho mazito, yaani mkono unashona lakini mimi mwenyewe sipo. Nilipozinduka nimefika mwisho, nikapiga fundo, nikaongeza na lingine juu yake kwa furaha, nikajiona fundi kwelikweli.

Nikaitwa. Nikainuka nimelikumbatia blanketi tumboni, nikahisi kitenge nilichojifunga kinanivuta kidogo, nikadhani nimekanyaga pindo. Kwetu zawadi hutoi kwa mkono mmoja kama unayemtupia kuku mahindi, kwa hiyo nikapiga magoti, nikampa Spesioza kwa mikono miwili, naye, mtoto mgongoni, akapokea kwa miwili, akarudi nyuma hatua moja. Kitenge changu nacho kikaanza kuondoka! Nilikuwa nimekishonea kwenye blanketi, pindo lote. Nikalidaka blanketi. Yeye akavuta kwa heshima, mimi nikavuta kwa hofu.

"Mama Deo, achia!" akaniita Mama Leokadia.

Nikatikisa kichwa, nikazidi kuling'ang'ania. Kwenye foleni mtu akasema kwa Kirundi, na Kihangaza chetu ni ndugu yake kwa hiyo nilielewa vizuri tu, "Hawa wanatoa huku wananyang'anya." Neno lile lilinichoma kuliko yote.

"Achia, unatutia aibu!" akarudia Mama Leokadia.

Nikaachia. Blanketi likaenda, kitenge kikalifuata, na mimi nikasimama na shimizi langu, ambalo (Mungu anisamehe) nililishona kwa kiroba cha unga wa msaada nilichobadilishana sokoni kwa mkungu wa ndizi, na nyuma, pale pa kukalia, palikuwa na maandishi makubwa ya bluu: msaada, si wa kuuzwa.

"Unga wetu ule!" akapiga kelele bibi mmoja, na kambi ikapasuka kwa kicheko. Padre akawa anachunguza turubai kama anatafuta tundu. Mama Leokadia akauvamia uzi kwa meno, wapi! Wembe hakuna, dereva anapiga honi. Spesioza peke yake hakucheka. Akafungua nguo aliyojifunga kifuani, akaja akanizungushia kiunoni, akaikaza. "Ihangane, mama," akanipa pole. Nikakimbilia lori, sikugeuka hata kuangalia anamshikaje mtoto.

Nyumbani nilipoifungua nguo ile ndipo nilipoinusa. Maziwa, na mkojo wa mtoto. Ilikuwa mbeleko yake, jamani. Nilikwenda kumfunika mtoto, nikarudi nimejifunga mbeleko yake! Nikakaa kitandani nikalia, mume wangu akainua kichwa na homa yake akauliza, "Umepigwa?"

Nikaifua, nikaikausha juu ya moto, na kulipokucha nikaenda kwa miguu njia nzima nikimfikiria yule mama kwenye foleni ya maji, mtoto mkononi, ndoo mkono mwingine. Nikamkuta hapo hapo kwenye maji. Mtoto alikuwa mgongoni amelala, blanketi limemfunika mpaka masikio, na kitenge changu kimefungwa kifuani kwa mama yake. Hakuwa amefumua hata uzi mmoja.

Nikatoa wembe niliokuja nao. Akarudi nyuma haraka kuliko jana.

"Acha hivyo hivyo, mama," akasema. "Linafunika na linambeba. Nilidhani ndivyo ulivyokusudia."

Nikamrudishia mbeleko, nikamtwisha ndoo, nikaondoka. Tangu siku ile kazi yangu ikiwa bado nasema bado, hata mbele ya Mama Leokadia, na sishoni tena nikisinzia. Shimizi nililifumua likawa upande wa chini wa blanketi jingine, maandishi nimeyageuzia ndani. Kitenge kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, na sikidai.