Mutoto Mwenye Timu Mbili Zilikana

Mutoto wangu alikuwa muchezaji wa mupira, na alikufa katikati ya timu mbili. Nasema katikati juu njo vile bakubwa ba timu balisema. Timu ya Butembo ilisema: sisi tulishamuachilia, tulitia sinyatiri ku karatasi, hakuwa tena wetu. Timu ya Beni ikasema: sisi tulikuwa tunamungoja, mais hakufika. Ebu angalia maneno. Mutu mwenye nilizaa na maumivu yangu anakuwa wa hakuna mutu, juu alikuwa angali mu barabara.

Balimaliza mambo ya transfert, ya kutoka Butembo kuenda Beni, siku ya posho, Jumamosi, ku bureau moja kule Mususa. Timu ya Beni iliahidi kutuma gari kumuchukua. Siku ya kwanza ya juma asubuyi tulikuwa tunakula ndizi na maharagi, yeye, bibi yake na mimi, njo simu ikalia. Ilikuwa président wa timu ya Beni. Mutoto aliweka simu kwa sauti kubwa juu mikono yake ilikuwa na mafuta, na tukasikia sisi bote: "Gari iko na kazi ingine. Panda moto, pikipiki yoyote, kuja leo, kocha anakutaka ku mazoezi ya kesho." Nikamwambia angoje gari. Akacheka. "Mama, muchezaji mupya haanzaki na kukataa." Akafunga begi yake, akaenda.

Ku kona moja, mbele ya kufika Beni, kamioni ya mbao ilibagonga na ikakimbia. Motard mwenye alimubeba alivunjika muguu. Mutoto wangu alikufa palepale. Ile kamioni, mpaka leo hakuna mwenye anajua ni ya nani.

Bibi yake alikuwa na mimba kubwa. Njo neno yenye ilinikamata mu roho. Kila timu inaweka bachezaji bake mu assurance, njo bima, na mutu akikufia ku kazi, ile assurance inasimamia mujane na batoto. Mais Butembo ilishamutoa mu assurance yabo tangu siku ya sinyatiri, na Beni ilisema ingemuingiza kisha munganga wabo kumupima. Donc kama hakuna timu yenye inakubali kama alikufia ku kazi yake, bibi yake angerudi kwa baba yake na mutoto mu mikono, sawa mutu mwenye balifukuza. Mimi nilisema hapana. Ile mimba ni ya nyumba yangu, itazaliwa hapa Vulamba, mu Butembo, na mutu mwenye aliita baba yake atajibu.

Hapa kwetu timu inapendaka kuweka maillot, ile jezi ya timu, juu ya sanduku ya muchezaji wake mwenye alikufa. Ni heshima, batu banalia sana, na hakuna familia yenye inakataa. Siku ya maziko, timu ya Beni ilifika na moto mingi, basupporter banaimba, bengine balitoka Mulekera, kule Beni, tangu asubuyi, vumbi ikaingia mpaka mu masahani. Président alishuka na maillot mupya, jina ya mutoto wangu ku mugongo. Nilipoiona hasira ilinipanda. Kumuchukua na gari hakufika, ku kilio sasa amefika?

Nikasimama mbele ya sanduku. Pasta alinishika mukono, nikamwambia aniache kidogo.

"Président," nikamuuliza, "hii maillot ni ya mugeni ao ni ya muchezaji wako?"

"Mama, ni mutoto wetu. Acha tumuheshimu."

"Mutoto wenu kwa kulia, ao mutoto wenu kwa kazi? Sema mbele ya hawa batu nani alimuita apande moto. Kama hapana, kunja maillot yako, nitamuzika na shati yake ya kanisa."

Akaniomba tuongee pembeni. Nikakataa pembeni. Basupporter balinyanyua simu zabo zote juu, zinafilmer. Aliangalia nyuma, akaona hakuna njia ya kurudi.

"Alikuwa wetu," akasema. "Mimi njo nilimuita."

Nikamupisha. Akaweka maillot yake, na tukazika.

Batu balisema huyu mama hana haya, anageuza kilio kuwa tribunali. Bon, baseme. Tribunali ya kweli nilienda kuitafuta Beni, na tukasamba mbele ya juge. Mujukuu wangu alizaliwa, akaota meno, mimi ningali napanda moto kila mara balituita. Avoka mwenye aliteteaka assurance ya Beni, kijana wa mudomo tamu, alisema maneno ya ku kilio haina nguvu mu sheria, juu mbele ya maiti batu banasemaka kila kitu kwa kufariji. Kisha akanigeukia na huruma ya uongo.

"Mama, unatafuta nini kabisa? Mutoto hatarudi."

"Najua hatarudi," nikamwambia. "Mimi njo nilifunga macho yake ku morgue."

Juge alikuwa mugeni, serikali ilimutuma kutoka mbali, Kiswahili yake ilitembea pole pole na Lingala ndani. Akamuuliza président: ulisema ile maneno kwa kufariji, ao ni kweli? Président alijua akikubali, muzigo ni wa timu yake.

"Ni kweli," akasema. "Ile siku gari ilikuwa inabeba simenti ya nyumba yangu. Sikutaka kungoja, nikamwambia apande moto."

Sikumusamehe. Mais kutoka ile siku nilimusalimia.

Juge alikata maneno vile: mutu mwenye timu inaita, na anasafiri juu ya ile mwito, iko ku kazi ya ile timu, hata kama munganga hajamupima. Timu ya Beni ijibu, na assurance yake isimame pamoja nayo kwa mujane na mutoto.

Kurudi, nilimwambia motard asimame ku ile kona. Myezi yote nilikuwa nafunga macho tukipita pale. Na tangu maziko nilikuwa sijalia, hata tone, juu nilikuwa na neno ya kusamba na niliogopa nikianza kulia nitaiacha. Nilishuka, nikaikala ku majani kando ya barabara, nikamulilia mutoto wangu kwa sauti, kamioni zinapita. Motard alizima moto yake, akaningoja.