Bustani ya Abla Inshirah na Jicho la Mkaguzi

Inshirah hakuwahi kutaka kufundisha kilimo, na kilimo nacho, kusema kweli, hakikuwa kimemuulizia. Alisomea falsafa huko Tanta, Misri, akapata shahada yake, kisha akasubiri ajira mpaka mama yake akaacha kumtaja mbele ya wageni. Ajira ilipokuja ilisema: shule ya kati ya Kafr Abu Shahin, somo la kilimo. Akaenda ofisini kueleza kwamba pamefanyika kosa. Karani, aliyekuwa anakula mkate wa maharage, akamuuliza kama wanafalsafa nao hula. Akajibu kwamba hula.

"Basi kilimo unakijua," karani akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Ndivyo alivyofika Kafr Abu Shahin, kijiji ambacho mtoto hujua kushika jembe kabla hajajua kujifuta kamasi, kuwafundisha watoto wa wakulima namna mbegu inavyoota. Aliwasomea kutoka kitabuni. Darasa lilimsikiliza kwa adabu kubwa, kama watu wanaomsikiliza mgeni akiwaelekeza njia ya kwenda kwao.

Mwaka wa pili alichoka kuonewa huruma. Akawatoa wanafunzi nje, nyuma ya madarasa, kwenye kipande cha ardhi kati ya ukuta na mfereji palipokuwa pamelala madawati yaliyovunjika. Wakayaondoa madawati, wakalima. Siku ya tatu mama mmoja akaingia uani, mikono ya gauni ameikunja, bila kubisha hodi. Alikuwa Umm Wisal, mama wa Wisal wa darasa la kwanza, binti mwenye ulimi uliotangulia mwili kukua.

"Abla," akasema, kwa jina wanaloitwa walimu wa kike huko, "mimi mtoto wangu nimemleta huku awe daktari. Jembe analo nyumbani, tena zuri kuliko hayo yenu."

"Anajifunza, Umm Wisal."

"Anajifunza nini? Biringanya? Huyu nilishikwa na uchungu wake nikiwa kwenye tuta la biringanya! Amezaliwa humo humo. Utamfundisha nini tena?"

Inshirah akatazama chini. Biringanya alizipanda mwenyewe, na zilikuwa zimeinama zote upande mmoja kama waombolezaji. "Wewe huzipanda mbali mbali hivi?" akauliza.

"Zaidi ya hapo. Mara mbili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo zinavyopandwa."

"Ndiyo. Lakini kwa nini?"

Umm Wisal akafungua kinywa, akakifunga. Akamtazama mwalimu kwa mashaka, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mkono una vidole. Akaondoka bila kuaga. Kesho yake asubuhi alirudi, macho mekundu. "Majani yapitishe upepo," akasema, "la sivyo yanaoza. Nimelifikiria usiku kucha. Mume wangu kaniuliza kama naumwa."

Hapo ndipo Inshirah alipogundua kwamba falsafa ina kazi. Kulima watoto walikujua. Ambalo hawakuwahi kulifanya ni kuuliza kwa nini. Basi kila tuta la bustani likawa swali. Tuta hili lina samadi, lile halina. Kwa nini hili limecheka na lile limenuna? Nyanya hizi zilinyweshwa jua la utosini, zile jioni. Zipi zimepasuka, na kwa nini? Watoto wakaenda nyumbani wakiuliza kwa nini, na baba kadhaa wakaja shuleni kuomba kwamba Abla awarudishie watoto wao kama walivyokuwa.

Lakini bustani ikastawi. Kufikia masika ya mwaka wa nne, biringanya ziling'aa kama viatu vya bwana harusi, matango yalijificha chini ya majani yake kama yanacheza, na mlenda ulisimama juu ya kiuno. Umm Wisal alikuwa akipita kila wiki kutafuta kasoro, na wiki ambayo hakuipata aliondoka na hasira.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Mwalimu mkuu, Ustadh Fikri, alikuwa na gari. Lilikuwa gari kuukuu la rangi ya maziwa, aliloliweka uani likiwa limevishwa turubai, naye kila asubuhi alilisalimu kabla ya kuwasalimu walimu. Mahali pekee shuleni penye kivuli mchana kutwa palikuwa kule nyuma, kwenye matango.

"Abla Inshirah," alipenda kusema, "elimu ni kitu kikubwa. Lakini rangi nayo inababuka."

Saruji alikuwa ameshainunua. Ilikuwa stoo, ikingoja sababu.

Sababu ikapatikana. Ustadh Fikri alimwita ofisini, akamkaribisha chai, jambo ambalo peke yake lilimtia hofu. "Mkaguzi anakuja Jumanne," akasema. "Akisema bustani ina faida, itabaki, nami nitakuwa wa kwanza kukupongeza. Akisema haina, Jumatano namwaga zege, na wewe nitakutafutia kazi ya heshima. Stoo inahitaji mtu wa kutunza viti."

"Mkaguzi yupi?"

"Ustadh Rasmi," akajibu mwalimu mkuu, na sura yake ilikuwa na utulivu wa mtu aliyepiga hesabu zake usiku.

Ustadh Rasmi alijulikana wilaya nzima kwa jicho lake. Hakuwa mtu mbaya; hilo ndilo lililowatisha watu zaidi. Alikuwa mpole, mwenye shukrani, na kitu kizuri akikiona hakuweza kujizuia kukisifu, tena kwa kusahau kusema mashallah. Aliwahi kumsifu nyati wa kufugwa wa mwalimu mmoja kwa maziwa yake. Kesho yake nyati aliliwa kwenye matanga. Aliwahi kuzisifu ngazi mpya za shule ya jirani, na kabla hajafika chini, ngazi zilikuwa zimeshafika. Ustadh Fikri alikuwa amelipima jambo hili pande zote mbili. Bustani ikionyeshwa, itakauka. Ikifichwa, itafutwa. Vyovyote vile gari litapata kivuli.

Inshirah hakuamini mambo hayo. Aliwahi kutoa somo zima kwamba mmea huuawa na vidukari, maji mengi na uvivu, wala si macho ya watu. Shanga ya buluu ya kukinga jicho iliyoshonwa ndani ya mkoba wake aliiita kumbukumbu ya mama yake.

"Jumanne tutamwonyesha kila kitu," akaliambia darasa.

Wisal akanyosha mkono. "Na nyanya, Abla?"

"Na nyanya."

"Zile za tuta la tatu? Zile kubwa?"

"Zile hasa."

"Abla, huyo mtu alimsifu shangazi yangu kwa nywele zake."

"Ikawaje?"

"Sasa anavaa ushungi hata akilala."

"Wisal! Humu bustanini tunauliza kwa nini. Kwa nini nywele zilitoka?"

"Kwa sababu alimsifu, Abla," Wisal akajibu kwa upole, kama anayemsaidia mtoto mdogo hesabu. Darasa zima likaitikia kwa kichwa. Inshirah akapiga ubao kwa chaki, akasema neno la ushirikina asilisikie tena, na wote wakaitika "Ndiyo, Abla" kwa pamoja. Angekuwa amefundisha miaka michache zaidi, kuitika kwa pamoja namna ile kungemnyima usingizi.

Jumanne alifika mapema, amevaa gauni lake la kahawia la sherehe, akakuta bustani imekufa.

Hakukuwa na nyanya hata moja. Biringanya zilikuwa zimechumwa zote, na miche yake imepakwa tope. Matango yametoweka. Mlenda umekatwa, na mashina yake yamefunikwa magunia yaliyooza. Kila pembe palining'inia kiatu kikuukuu cha kufukuza jicho, na katikati, juu ya kijiti, palikuwa na suruali ambayo Inshirah aliamua kutoichunguza. Wanafunzi walisimama mstari mmoja, nyuso zimejaa fahari. Nyuma yao Umm Wisal alikuwa anajipangusa tope mikononi.

"Tumeiokoa, Abla," Wisal akasema.

"Mmeiweka wapi?"

"Salama."

"Salama wapi?"

"Usijali, mwanangu," akasema Umm Wisal. "Hata shetani hawezi kuona. Ami Bikhit ametusaidia." Ami Bikhit, mhudumu wa shule, akatazama kwingine kwa heshima.

Inshirah alitaka kupiga kelele, ila mlango wa uani ulikuwa umeshafunguliwa. Ustadh Fikri aliingia akitembea kwa madaha, na kando yake mzee mfupi mwenye mkoba wa ngozi na miwani mizito, aliyekuwa anakanyaga kwa uangalifu kama mtu aliyezoea vitu kuvunjika.

Mkaguzi akasimama mbele ya bustani. Akaitazama suruali. Akaitazama miche yenye tope.

"Hii ndiyo bustani?"

"Ndiyo hii, Ustadh," akasema mwalimu mkuu kwa huzuni tamu. "Miaka mitatu. Maji ya serikali, muda wa watoto. Unaona mwenyewe."

Ustadh Rasmi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyealikwa karamu akakuta sufuria zimeshaoshwa. "Miaka ishirini nakagua," akasema, karibu kwa nafsi yake. "Kila shule ninayokwenda, ukuta umepasuka, watoto wamevaa matambara, walimu wananionyesha majipu yao. Nikasema, wilaya hii imelaaniwa." Akamgeukia Inshirah. "Ndugu mwalimu, kuna chochote kilichowahi kuota hapa?"

Inshirah akahisi macho ya darasa mgongoni. Kusema kilikuwepo kulikuwa sawa na kumwambia mzee wa watu usoni kwamba tumekificha kwa sababu ya jicho lako. Kusema hakikuwepo kulikuwa sawa na kwenda stoo kuhesabu viti. Shahada yote ya falsafa haikutoa hata neno moja.

"Basi," mkaguzi akasema. "Nitaandika hakuna faida."

"Ni haki tupu," Ustadh Fikri akasema upesi. "Na sasa, Ustadh, huwezi kurudi stesheni kwa bajaji, hiyo itakuwa aibu kwetu. Nitakupeleka mwenyewe. Ami Bikhit! Lifunue gari!"

Ami Bikhit hakusogea. "Gari limelala, Ustadh," akasema.

"Limelala nini? Lifunue!"

"Ustadh, kwa nini tusimwitie bajaji nzuri? Ya binamu yangu ina redio..."

Mwalimu mkuu akalivuta turubai mwenyewe.

Gari lilikuwa limejaa mpaka paa. Nyanya zilibanana kwenye vioo kama abiria. Biringanya zilikaa viti vya nyuma kwa heshima, zimepangwa. Matango yaliziba usukani, na buti, lililofungwa kwa waya, lilikuwa limefumuka mlenda pande zote. Chini ya uzito ule gari lilikuwa limeinua pua juu kama ngamia mwenye maringo.

Umm Wisal akaanza kusoma dua chini kwa chini.

Ndipo ulimi wa Inshirah ulipofunguka. "Ni za bustani, Ustadh," akasema. "Zote. Wameziotesha wenyewe, na kila moja wanaweza kukueleza kwa nini. Asubuhi hii wamezificha. Walikuogopa. Mimi niliwakataza, lakini sikuwa na ujasiri wa kukuambia."

Mzee akazitazama nyanya muda mrefu. Ungemtazama yeye ungeona midomo yake ikitetemeka. Ilikuwa inataka kusifu kama ng'ombe anavyotaka kukamuliwa. Wisal akamshika Abla mkono kwa nguvu.

Halafu Ustadh Rasmi akafumba macho, akageuza kichwa taratibu mpaka kikaacha vioo na kuelekea boneti, akayafumbua.

"Ustadh Fikri!" akasema. "Hili gari!"

"La zamani tu, bwana," mwalimu mkuu akasema, rangi imemtoka.

"La zamani? Linameta! Kama jana limetoka kiwandani!"

"Sema mashallah, Ustadh."

"Na magurudumu yake! Na hii rangi, utasema maziwa ya alfajiri!"

"Mashallah, Ustadh, nakuomba, neno moja tu!"

"Gari kama hili sijaliona maishani," mkaguzi akamalizia, akalipiga paa kwa kiganja kama anayempongeza punda.

Kitu kikalia chini ya gari, *ka!* Sehemu ya nyuma ikaketi taratibu, bila fujo, kama bibi anayekaa kwenye mkeka. Mlango ukafunguka wenyewe. Biringanya moja ikatoka, ikabingirika uani, ikasimama kwenye kiatu cha mkaguzi.

Akaiokota. Akaipangusa kwa mkono wa koti. "Mashallah," akasema kwa sauti kubwa, herufi kwa herufi. "Bustani ina faida kubwa."

"Lakini Ustadh," Ustadh Fikri akaanza, "ile saruji..."

"Kwa hiyo umejenga? Nilisikia nyumba yako ina ghorofa ya pili. Ningependa sana kuja kuiona."

"Bustani ibaki!" akasema mwalimu mkuu.

Mkaguzi akaondoka kwa bajaji ya binamu wa Ami Bikhit, kapu la nyanya mapajani, kichwa amekigeuzia barabarani kwa hisani ili asiione redio.

Gari halikusogea tena. Fundi alitaka pesa ambazo Ustadh Fikri alikuwa ameshazitia kwenye saruji. Baridi ilipokuja, Inshirah aliomba ruhusa, akapewa kwa ishara ya mkono, na tangu hapo miche ya nyanya hukuzwa humo ndani, nyuma ya vioo, kwenye joto. Hakuna kitalu bora kuliko hicho Kafr nzima. Hakuna anayekisifu.

Juma lile lile la ukaguzi alilieleza darasa mambo yalivyo. Akachora gari ubaoni, akachora mzigo, akachora springi kuukuu. Uzito ule, akasema, ulikuwa umelala juu ya springi tangu alfajiri. Ilikuwa lazima ikatike. Wakaandika wote.

Wisal akanyosha mkono.

"Nimeelewa kwa nini springi ilikatika, Abla. Lakini kwa nini wakati ule ule?"

Inshirah akageukia ubao, akautazama mchoro wake. Akaweka chaki chini.

"Nendeni mkanyweshe matango," akasema.