Tangu Lini

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya baridi, miaka ya tisini, nimeketi kwenye foleni ya zahanati upande wa Ruiru, nimemshika mdogo wangu Nyambura mkono. Ilikuwa mara yetu ya nne. Kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, usingizi hapati. Nami jina la ugonjwa nilikuwa nalo tayari: malaria.

Baba na mama walikufa pamoja, tela la trekta lililowabeba kwenda kuchuma kahawa lilipopinduka. Nyambura alikuwa nao, akatoka mzima. Ndivyo tulivyosema sote: ametoka mzima. Mimi, kifungua mimba, niliacha shule nikashika kikapu cha kahawa ili yeye asome. Nyumbani niliweka sheria moja: habari za trekta zisitajwe. Na sasa shule alikuwa haendi tena, mtihani wa darasa la nane ukikaribia.

Tulipoingia, Sista, muuguzi wa zahanati, mama wa makamo mwenye sweta ya buluu, alimwuliza Nyambura, "Unaumwa wapi, mami?"

"Kichwa," nikajibu mimi.

"Tangu lini?"

"Imerudi tena tangu Jumatatu. Ni malaria."

Akaweka kalamu chini. "Kumbe mgonjwa ni wewe! Haya, geuka nikudunge sindano."

Wamama waliokuwa mlangoni wakacheka. Nikaona haya.

"Dawa ya malaria nimempa mara tatu," akasema, sasa kwa upole, "na mara tatu umemjibia. Leo nyamaza kidogo."

Akamwuliza tena Nyambura, tangu lini. Kisha akangoja. Lo, alivyongoja!

"Tangu trekta," Nyambura akasema. "Nikilisikia barabarani, miguu inakataa. Na nikimwambia dada, atalia."

Nilikuwa nikinyamaza nisimwumize, kumbe naye alikuwa akininyamazia mimi.

Sista alitueleza kwamba hiyo si malaria wala si wazimu; ni hofu iliyobaki mwilini baada ya jambo kupita. Wazee walishasema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akatuambia tuwe tunarudi kila Alhamisi, Nyambura azungumze, nami nimsindikize shuleni. Trekta likija, tusimame kando mpaka lipite, kisha tuendelee. Tukafanya hivyo, mwanangu, siku nyingine tukisimama mara tatu, akinibana vidole hadi viume. Mtihani aliufanya. Hata leo, ana watoto wakubwa, trekta likipita hukatiza neno, halafu hulimalizia.

Basi sikia. Mficha maradhi kifo humwumbua, lakini yapo maradhi ambayo sisi wenye upendo ndio tunaomfichia mgonjwa. Usiseme mtu ametoka mzima kwa kuwa huoni damu. Ukimpeleka wako kwa daktari, mwache ajibu kwa kinywa chake. Na ukimwuliza tangu lini, ngoja.

Mungu akujalie masikio yenye subira. Na siku swali hilo litakapokufikia wewe, usikose mtu wa kukungojea.