Mwanaume Aliyeomba Zamu ya Kulima

Kila nikialikwa kusema mbele ya watu, swali lile linanitangulia mlangoni. Mara ya mwisho lilinikuta Beni, katika ukumbi wa parokia huko Bungulu. Aliyeuliza alikuwa mwalimu mstaafu, amevaa koti la sufu katika joto lile lote.

"Mama, utufasirie. Hii feminisme yenu inatafuta kweli mwanaume na mwanamuke batendewe sawasawa, ama inatafuta tu kiti yetu?"

Watu wakacheka. Nikajibu kama mtu aliyesoma: nikataja haki, nikataja sheria, nikanywa maji. Walipiga makofi. Mzee akakaa chini na uso wa mtu aliyeagiza nyama akaletewa maelezo juu ya ng'ombe.

Jibu ninalolijua mimi halifai kwa ukumbi. Ni refu, na linahusu maharage.

Wakati wa vita nilikuwa nakaa Bulengera, upande wa juu wa Butembo, katika nyumba ya vyumba viwili. Sikuwa na bwana wala mtoto. Nilikuwa na shahada niliyoitoa Kisangani, imetundikwa ukutani kwa fremu, na Kisangani yenyewe ilikuwa haifikiki tena. Ndugu zangu walikuwa Kinshasa, ng'ambo ya mstari wa mapigano, na habari zao zilinifikia kwa bahati, kama mvua ya kiangazi. Shule niliyofundisha ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Jioni nilikuwa nikipika sufuria ndogo ya viazi na kuongea na redio. Redio haikunijibu, lakini angalau ilikuwa na Kifaransa kizuri.

Kilichonitoa nyumbani ni kikundi cha wanawake wa mtaa wetu. Walinikubali kwa sababu nilijua kusoma na kuandika, nami nikawalipa kwa masomo. Kila Jumamosi niliwaeleza habari ya usawa: kazi haina mwanaume wala mwanamke, mume anaweza kuosha sahani asife. Walisikiliza kwa heshima huku wakichambua maharage. Waliniita Madame Parité, yaani Bibi Usawa. Katika jina hilo heshima ilikuwa kidogo. Kilichobaki kilikuwa kicheko.

Lakini moyo wa kikundi haukuwa masomo yangu. Moyo ulikuwa mstari. Wanawake wale walilima kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule, wote pamoja. Walijipanga bega kwa bega chini ya mlima na kupanda nao polepole, wameinama, jembe kwa jembe. Mtu akiwa ameinama hivyo, uso wake unatazama udongo. Hakuna anayemwona. Na kwa sababu hakuna anayemwona, anaweza kusema.

Miezi mingi nililima nao ndipo nikaelewa jambo hilo. Asubuhi moja, mama mmoja muuza makaa aliyekuwa karibu nami alisema kwa sauti ya kawaida, bila kusimamisha jembe, jambo lililompata alipokutana na wenye bunduki kwenye njia ya kwenda kuchoma makaa. Alisema kama mtu anayeeleza njia. Hakuna aliyeinua kichwa. Hakuna aliyesema pole. Mama wa kushoto kwake alisogea tu na kulima nusu ya sehemu yake, na mimi, nilipogutuka, nikalima nusu nyingine, vibaya. Yeye akabaki anatembea kati yetu na jembe begani mpaka juu ya mlima. Huo ndio ulikuwa msiba wake na rambirambi zake. Kanisani asingeweza kusema. Kwa bwana wake ndiyo kabisa.

Basi katika kikundi hicho, mwanzoni mwa majira ya kupanda, alikuja mwanaume.

Alitoka Luofu, kusini mwa Lubero. Kijiji chao kilikimbia. Mke wake alifariki kwa homa njiani, akaachwa na watoto wadogo. Katekista mmoja alimpa kipande cha shamba juu ya Bulengera kwa sharti moja: kipandwe majira haya, la sivyo apewe mkimbizi mwingine. Kulima peke yake alishindwa. Si kwa uvivu. Mwanaume akionekana peke yake mlimani, askari walisema ni mtu wa porini, mwasi, na watu wa porini walisema ni mpelelezi wa askari. Wote wawili walikubaliana tu kwamba anafaa kubeba mizigo yao. Waliochukuliwa kubeba, wengi hawakurudi. Wanawake wakiwa kundi walikuwa bado wanapita, siku nyingine.

Alitukuta Jumapili baada ya misa, uani kwa Mama Présidente, mkuu wa kikundi chetu. Alivua kofia.

"Bamama, nimekuya kuomba zamu. Kule kwetu bibi yangu, mama ya batoto yangu, alikuwa mu kikundi kama hii. Yeye alikufa. Jembe yake iko, na mikono yangu iko."

Wakacheka.

"Baba, utafunga na kikwembe?" mmoja akamuuliza, akishika kitenge alichojifunga kiunoni.

"Kama ni kikwembe inaoteshaka maharagi, munipe mbili."

Walicheka tena, safari hii pamoja naye, nami nikadhani mambo yamekwisha. Nilikuwa na elimu nyingi lakini sikujua kicheko kile ni cha kumsindikiza mtu mlangoni. Mama Présidente alimwambia aende kungojea barabarani. Kisha akanigeukia.

"Madame, ni weye unasemaka kazi haina mwanaume wala mwanamuke. Sema sasa."

Nikasema. Nilisema vizuri, naona haya kukumbuka jinsi nilivyosema vizuri. Kwamba kama tunataka mlango wa wanaume ufunguke, hatuwezi kufunga wetu. Kwamba watoto wake watakula maharage, siyo desturi. Kwamba usawa unaosimama mlangoni kwetu si usawa, ni upendeleo uliobadilisha nguo.

Muuza makaa aliningoja nimalize.

"Madame, usawa tunaitaka. Tunaitaka kwa nyumba, kwa soko, kwa bureau, hata kwa padiri. Kwa mustari, hapana."

"Juu ya nini?" nikamuuliza sababu.

"Juu mustari ni yetu."

"Na baraza ya wanaume si ni yao? Mimi nilisema tuingie humo."

"Ulisema. Lakini kwa baraza, banaume banakata maneno yetu sisi wote: shamba, ndoa, njia. Ndiyo maana tuingie. Kwa mustari sisi hatukate neno ya mutu. Tunalima, tunasema, tunanyamaza. Akiwa pale, nitasema nini? Nitasema juu ya mvua?"

Mpaka leo natafuta jibu la swali lake. Nilikuwa nimesoma vitabu vinavyouliza kama mwanamke na mwanaume watendewe sawa. Hakuna kilichoniambia la kufanya kama mmoja anahitaji kula na mwingine anahitaji mahali pa kusemea, na shamba ni lile lile.

Mwingine akaongeza la hatari: "Na askari bakiona mwanaume katikati yetu, tutajibu nini?"

"Na bakimuchukua, batoto yake batalelewa na nani?" alisema Mama Présidente. "Ni sisi tena."

Hilo ndilo lililoamua, siyo hotuba yangu. Mama Présidente alikata shauri papo hapo: mwanaume alime nasi, lakini kwenye ncha ya mstari, mbali kiasi cha kutosikia. Kati yake na wanawake abaki mtu mmoja, nafasi isiwe wazi, watu wa njiani wasije wakamwona ametengwa.

"Nani atakaa pale?" akauliza.

Walicheka kabla hajamaliza. Hata mimi nilicheka, nikidhani wanamcheka mwingine.

Ikabaki shida ya zamu. Mgeni hupewa zamu ya mwisho, na zamu ya mwisho ingefika mvua zimekwisha na shamba limepewa mwingine. Nikatoa yangu. Nisisifiwe: shamba langu lilikuwa nyuma ya choo, na maharage niliyapanda zaidi kwa msimamo kuliko kwa chakula.

Siku ya kwanza tukakutana na askari kwenye daraja la miti, chini ya shamba la mwanaume yule. Mkubwa wao alimnyooshea kidole, akauliza kwa Kilingala mwanaume huyu ni nani.

"Mobali oyo, nani?"

"Ni bwana ya Madame," alisema Mama Présidente, hata pumzi hakuvuta.

Askari akaniangalia, akamwangalia yeye, akaangalia viatu vyangu vya shule.

"Ni bwana yako?"

"Ndiyo, chef."

Hivyo ndivyo nilivyoolewa, mimi niliyekuwa nikifundisha Jumamosi kwamba mwanamke asipewe bwana bila kuulizwa. Mwanaume wa watu hakuulizwa pia. Katika jambo hilo usawa ulikuwa kamili. Tulipita. Wanawake walijikaza hadi kona, halafu wakaanza.

"Madame, mahari iko wapi?"

"Bwana arusi amenyamaza, ni furaha!"

Yeye alitembea mbele, masikio yake mekundu kwa vumbi, akilishika jembe la mke wake kama mtu anayeshika mkono wa mtoto.

Tulilima. Kushoto kwangu, mbali, kulikuwa na wanawake. Kulia kwangu, mbali, kulikuwa na yeye. Sauti za mstari zilinifikia kama sauti za nyumba ya jirani: unajua kuna watu, unajua wanaongea, na neno hulipati. Nikajaribu upande wa pili.

"Baba, kule Luofu udongo ukoje?"

"Ulikuwa muzuri."

Tukalima kipande kirefu.

"Na mvua?"

"Ilikuwa inanyesha."

Alikuwa muungwana. Aliogopa kuniongezea maneno, watu wasije wakaufanya uongo wa darajani kuwa habari. Nami nikaogopa kumlazimisha. Basi nilikuwa na jembe na mgongo unaouma.

Shamba lake lilipandwa lote. Kwa haki, akaendelea kuja kulipa zamu za wengine, shamba kwa shamba, na mimi kila siku kwenye nafasi yangu katikati. Ilikuwa katika shamba la muuza makaa ndipo nilipoona mstari ukibadilika. Sikusikia kitu. Niliona tu majembe mawili yakisogea, moja kutoka kushoto, moja kutoka kulia, na mama mmoja kijana, mke wa fundi cherehani, akanyoosha mgongo na kuanza kutembea polepole na jembe begani.

Mwanaume wa Luofu aliona pia. Sijui alielewa nini. Alitugeuzia mgongo wote, akalima akielekea upande mwingine, nje kabisa ya mstari, ili asionekane anaangalia. Kisha, bila kugeuka, akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia:

"Madame, wende kwao. Mimi niko muzuri hapa."

Nikaenda. Nilivuka ule udongo uliolimwa nikiwa na shabaha moja: kuchukua sehemu yangu ya kazi ya yule dada. Nilipofika karibu, wakanyamaza. Siyo kwa ubaya. Walinyamaza kama watu wanavyonyamaza mgeni akiingia, ili wamkaribishe vizuri.

"Umechoka, Madame?" Mama Présidente aliuliza. "Ukunywe maji."

Nikanywa maji. Nikasimama. Sehemu ya yule dada ilikuwa imeshalimwa. Nikarudi katikati.

Maharage ya mwanaume yalitoka vizuri. Siku ya kuvuna alifuata desturi: mwenye shamba huwalisha waliomlimia. Alipika mwenyewe, sufuria kubwa, uani kwa katekista, na wanawake walikwenda wote kuona. Walionja, wakatazamana.

"Baba, chumvi umetupia na kofia?"

"Mukule tu, bamama. Batoto yangu banakula kila siku na hapana hata moja imekufa."

Walikula yote. Watoto wake walikuwa wanazunguka katikati ya miguu ya wageni, matumbo yamejaa, mmoja amelala na kijiko mkononi. Muuza makaa alimbeba yule aliyelala, akamfunga mgongoni, akaendelea kula. Niliwaangalia nikajiambia kwamba hoja niliyoitetea ilitimia, na kwamba ningeitetea tena. Zote mbili zilikuwa kweli, na hakuna iliyonipa mtu wa kutembea naye kurudi nyumbani.

Majira yaliyofuata mwanaume yule hakuwepo. Kaka yake alimwita aende Beni, akauze naye mbao. Alikuja kuniaga akisimama mbali kidogo na mlango, akasema asante kwa zamu, nami nikasema si kitu.

Kikundi kilipoanza tena, nilifika mapema nikasimama palepale nilipokuwa nikisimama zamani, karibu na muuza makaa. Wakanipisha. Tukainama. Tulipanda mlima kipande, jembe kwa jembe, nami nikangojea aseme kama zamani.

"Madame," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Mwaka hii mvua inakawia."

"Inakawia kweli," nikajibu, na tukaendelea kulima.